Pua ya Grieta

Kazi yangu ni kumwaga mate ya watu wenye pesa. Naanza hapo kwa sababu kila nikisema nafanya kazi kwenye shamba la mvinyo la Soetvlei, watu hunijibu, "Sofi, umebahatika." Wageni hushuka kwenye magari yao, humiminiwa mvinyo kidogo ndani ya glasi kubwa, huutikisa, huunusa, huusukutua mdomoni kama mtu mwenye jino bovu, kisha huutema kwenye ndoo ndogo inayong'aa iliyowekwa mwisho wa meza. Ndoo ikijaa, mimi ndiye ninayeibeba kwenda kuimwaga nyuma. Ina uvuguvugu na povu, na siku za joto inzi hunifuata nayo hadi kwenye karo. Ni miaka kumi na tisa sasa, na bado nikiibeba nabana pumzi.

Upande wa pili wa meza hiyo, ule wa heshima, husimama Magrieta Jaftha, na habari hii ni yake. Yeye ndiye anayewaeleza wageni wanachokunywa. Alianza na ufagio kama mimi. Siku moja mwenye shamba alikuwa anawaonjesha wanunuzi kutoka ng'ambo pipa alilokuwa anajivunia, na Grieta, huku anafagia, akasema, "Hilo limeharibika, bwana. Linanuka gunia bichi." Mwenye shamba alitaka kumfukuza palepale. Wiki mbili baadaye ilimbidi alimwage pipa lote, na la pili yake, na la tatu. Tangu hapo kila pipa likifunguliwa Grieta hutiliwa wa kwanza, na wenye mashamba jirani humpigia simu aende akawanusie. Hajui kudanganya kuhusu kilichomo kwenye glasi. Mbele ya wageni, mbele ya mwenye shamba, atasema alichonusa, basi. Na katika miaka yote hiyo hajawahi kumeza hata tone. Ananusa, anaonja, anatema, anasukutua kwa maji.

"Huoni hamu hata kidogo?" nilimwuliza zamani.

"Naona kinyaa," akasema.

Nilimwelewa. Tulizaliwa nyumba mbili zilizopakana, nyuma ya ghala la mvinyo hapohapo Soetvlei, enzi ambazo wanaume wetu walilipwa sehemu ya ujira wao kwa kikombe. Kengele ililia alfajiri, ikalia saa nne, ikalia adhuhuri, alasiri na jioni, na kila ilipolia walipanga mstari mlangoni mwa ghala, kofia mkononi, msimamizi akawamiminia kwenye kikombe cha bati. Ulikuwa ni mvinyo wa masazo, ule usiofaa kutiwa kwenye chupa. Sheria ya kukataza mambo hayo ilikuwepo kitambo, ila kwetu ilichelewa sana kufika. Baba yangu alikufa na kikombe hicho, na baba yake Grieta vilevile. Mama yake alikuwa akimtuma amlaki baba njiani, amnuse, aje aseme. Ukiwa mvinyo mweupe, baba atalia kisha alale. Ukiwa mwekundu, watoto wahamie kwetu mpaka asubuhi. Wageni wanapomwuliza Grieta alisomea wapi kazi ya kunusa, hutabasamu tu, na mimi hubeba ndoo yangu nikaondoka, maana nikibaki nitasema.

Isak, kaka yake, alianza kupanga mstari akiwa na miaka kumi na mitatu. Vikombe vilipokomeshwa yeye hakukoma, alijinunulia mwenyewe. Mkewe alifariki akimwacha binti wa miaka minne, Chernelle, na Grieta ndiye aliyemchukua. Ndiye aliyemshonea sare, akakesha naye alipougua surua, akaandika jina lake kwenye kila karatasi iliyouliza mzazi ni nani. Isak alikuja kwenye mahafali ya binti yake akiwa amejikojolea suruali ya mazishi. Mimi ndiye niliyemtoa nje kwa kumshika mkanda. Nilimwonea huruma, lakini kinyaa kiliizidi huruma, na sioni haya kusema hivyo.

Chernelle alisoma, akaenda Cape Town, akapata kazi benki, akapata na mchumba, kijana mpole wa huko aitwaye Ruwayne. Alipochumbiwa alikuja moja kwa moja jikoni kwa Grieta. Nilikuwepo, namenya viazi.

"Shangazi," akasema, "siku ya harusi utanipeleka wewe mbele ya mchungaji."

Grieta alishika ukingo wa sinki. Ninamjua. Alikuwa amelisubiri neno hilo miaka na miaka bila kumwambia mtu, hata mimi.

"Una baba," akasema.

"Nina mlevi, shangazi. Usinifanye niseme mengine."

"Mpe nafasi, mwanangu. Akikaa bila kunywa hadi siku yenyewe, akupeleke yeye. Akinywa, nitakupeleka mimi."

"Akinywa hata kikombe kimoja."

"Hata kimoja."

"Na wewe ndiye utakayeniambia," akasema Chernelle. "Simwamini mtu mwingine. Kwa hili naiamini pua yako."

Grieta akakubali. Jioni hiyo alimhamishia kaka yake kwenye chumba cha uani, akamweleza mkataba ulivyo. Isak aliacha. Wiki za kwanza alitetemeka mpaka kitanda kikawa kinagonga ukuta, alitapika nyongo, alilia jina la marehemu mkewe. Grieta akimwosha, mimi nikifua. Mwezi ulipita, ukapita wa pili, ikatimia miezi kumi na minne. Akawa anakunywa kahawa kutwa nzima na kumung'unya peremende, na kila jioni dada yake akirudi kazini alipita karibu yake kana kwamba anatafuta kitu. Isak alijua ananuswa.

Chernelle naye alikuwa mtoto mwenye shukrani, basi akatuchukua mimi na shangazi yake siku mbili kwenda kuchagua vinywaji vya harusi. Tulizunguka mashamba ya Paarl na Franschhoek kwa gari lake, wanawake watatu, redio juu. Sitasema uongo, nilifurahi. Tulikula jibini na tini chini ya miti, tukawasema watu, tukacheka mpaka Grieta akavua viatu. Yeye alionja na kutema, kila mahali. Mimi nilimeza. Ndoo za wengine nimebeba vya kutosha, sikuwa na haja ya kumjazia mwanamke mwenzangu ndoo yake.

Lakini waonjeshaji wa mezani walinichefua kila tulikoingia. Kijana mmoja mwenye mkufu alitumiminia mvinyo mwekundu, akafumba macho, akatuambia una harufu ya tandiko la farasi.

"Umewahi kulinusa tandiko la farasi, mwanangu?" Grieta akamwuliza taratibu.

"Hapana, mama. Ndivyo tulivyofundishwa."

"Ukilinusa, huo mvinyo hutauuza."

Jioni tulipanda juu ya hoteli moja ya Cape Town kuonja kokteli. Ya kwanza ilikuwa ya buluu, rangi ya dawa ya kuoshea choo. Ya pili ilikuja na ua la mtu mwingine ndani yake. Nasema la mtu mwingine kwa sababu lilikuwa na alama ya rangi ya mdomo. Ya tatu ililetwa imefunikwa kwa bakuli la kioo, na lilipoinuliwa ukatoka moshi.

"Hii imeungua?" nikamwuliza mhudumu.

"Ni moshi wa mti wa cheri, mama."

Grieta aliisogeza puani mara moja tu. "Brandi ya bei rahisi," akasema. "Wameifukiza ili msiijue."

Chernelle alicheka mpaka akalalia bega la shangazi yake. Wakakubaliana: mvinyo wa Soetvlei mezani, na kokteli moja tu ya kupokelea wageni, brandi kidogo na asali, ndimu na tangawizi. Ruwayne na ndugu zake waliipenda. Grieta hakuwa na neno nayo, ilimradi wazee wetu wapewe juisi ya zabibu na Isak asisogezewe karibu.

Aliyekuja kuyavuruga alikuwa Leandri, mpangaji harusi aliyelipwa na wazazi wa Ruwayne. Mwanamke wa Cape Town, mwembamba, mkarimu kupita kiasi, mwenye daftari la jalada la kitambaa. Alikuja kukagua Soetvlei, kwa kuwa mwenye shamba alimpa Grieta uwanja bure, na akiwa ghalani aliviona vikombe vya bati vimetundikwa ukutani, karibu thelathini, vimebaki hapo kama watu wengine wanavyobakiza pembe za wanyama.

"Hivi ni vizuri sana," akasema, anavipapasa. "Fikirieni kokteli ya kupokelea ndani ya hivi. Ina historia."

"Viache ukutani," Grieta akasema.

"Tutaviosha vizuri, mama. Nina mtu wangu wa kung'arisha."

"Nimesema viache."

Leandri alimtazama Chernelle. Chernelle akasema, "Shangazi akisema hapana, ni hapana." Leandri akaandika kwenye daftari lake, akatabasamu, tukaendelea na habari za maua. Hakuna aliyemfafanulia. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini mimi, mwenye mdomo huu, sikumfafanulia. Nadhani niliona aibu kumwambia mtu msafi kama yule jinsi baba zetu walivyokuwa.

Siku ya harusi ilifika, Jumamosi ya Machi, mavuno yamekwisha. Viti vyeupe viliwekwa kwenye nyasi mbele ya ghala. Isak alivaa suti ya kijivu na kofia mpya, amenyolewa na dada yake mwenyewe, anameza mate kila mara. Alikaa peke yake karibu na maua, mikono magotini. Wazee wa zile nyumba za nyuma walikuja wote waliobaki, tisa, wamevaa vya kanisani, wakasimama pembeni kama watu wanaosubiri kuambiwa waende wapi. Mimi nilikuwa mgeni na mfanyakazi kwa pamoja; niliombwa nisaidie trei za glasi, nikakubali.

Ndipo wahudumu walipotoka ghalani na meza ndefu, wakaiweka mlangoni, na juu yake wakapanga vikombe vya bati vyenye ile kokteli ya brandi. Vilikuwa vipya, vinawaka, kila kimoja kimechorwa herufi za kwanza za maharusi. Leandri alikuwa amevinunua yeye mwenyewe, zawadi ya kushtukiza. Alidhani tatizo lilikuwa kutu.

Nilitafuta uso wa Grieta, lakini alikuwa ndani ya nyumba kubwa ya mwenye shamba akimfunga bibi harusi vifungo. Leandri akaenda kwenye kengele ya zamani, akashika kamba, akaigonga mara tano ili kuwakusanya wageni.

Wazee wetu wakapanga mstari.

Hakuna aliyewaambia. Mzee Arendse, ambaye hatembei bila fimbo, alikuwa wa kwanza. Wakavua kofia, wakazishika mbele ya tumbo, wakasogea hatua moja moja hadi kwenye ule mlango, na mhudumu akawa anawapa. Walikuwa na umri wa kuitwa babu, na walisimama vilevile nilivyowaona nikiwa na miaka sita. Kinyaa nilichokiona kilinipanda mpaka kwenye meno. Wageni wa Cape Town walifurahi. Walidhani ni desturi yetu, kitu kilichoandaliwa. Walitoa simu wakapiga picha, na wawili watatu wakavua kofia zao wakajiunga nyuma wakicheka.

Wa saba kwenye mstari alikuwa Isak.

Kofia yake mpya ilikuwa mkononi. Macho yake hayakuwa yanatazama kitu. Nilikuwa hatua kumi kutoka kwake, nina trei ya glasi ishirini na nne, na ningeweza kuiangusha, ningeweza kumwita jina, ningeweza kumkanyaga mguu. Nilifikiria glasi. Huo ndio ukweli wangu, nilifikiria kwamba ni glasi za kazini, na nilipomaliza kufikiria, alikuwa ameshapewa kikombe na ameshapiga mafunda mawili. Niliyaona yakishuka kooni. Kisha akakitazama kikombe kana kwamba kuna mtu amemwekea mkononi akiwa usingizini.

"Isak," nikamwambia, nimeshafika. "Nipe hicho."

Akakishikilia. "Kengele, Sofi," akasema. "Ililia."

Wakati huohuo mlango wa nyumba kubwa ukafunguliwa na Chernelle akatoka na nguo yake nyeupe, Grieta nyuma yake ameshika ncha ya shela. Watu walipiga makofi. Bibi harusi alitabasamu mpaka alipomwona baba yake, na kofia, na kikombe. Alishuka ngazi peke yake, akavuka nyasi moja kwa moja, na makofi yakafifia.

"Baba. Umekunywa?"

"Nimekishika tu, mwanangu."

"Nimekuuliza umekunywa?"

"Nimekishika tu."

Chernelle hakumwangalia tena. Aligeuka, na sauti yake haikuwa kubwa, lakini kila mtu aliisikia. "Shangazi. Njoo umnuse."

Waliokuwa wanapiga picha wakashusha simu. Mzee Arendse akaweka kikombe chake chini kwenye nyasi, na wengine wakafanya hivyohivyo, mmoja baada ya mwingine. Grieta akaja taratibu, gauni lake la zambarau limemkaa vizuri kuliko nguo yoyote niliyowahi kumwona nayo. Nililijua gauni lile. Alilishona yeye, na mbele hakuweka maua wala urembo, ila mkono wa kulia aliuacha mpana kidogo ili mtu aweze kuushika.

Alisimama mbele ya kaka yake. Isak akafumba macho, akafungua mdomo. Ana miaka sitini na mmoja, na alifungua mdomo mbele ya wakwe zake na wageni mia moja na hamsini ili dada yake aingize pua. Nimebeba ndoo miaka kumi na tisa, na sijawahi kuchefuka kama nilivyochefuka pale. Nilichefuka kwa ajili ya Isak, kwa ajili ya Leandri aliyesimama na daftari lake haelewi chochote, kwa ajili ya vile vikombe vilivyochorwa herufi, na kwa ajili yangu mwenyewe na glasi zangu.

Grieta alikaa hapo muda mrefu. Yeye huhitaji nusu pumzi tu. Nilijua anachokinusa, brandi na asali na ndimu na tangawizi, kinywaji alichokichagua mwenyewe. Kisha akageuka kumtazama yule binti aliyemlea. Hakuwa na haja ya kufanya lolote zaidi ya kusema kweli, kama alivyoisema maisha yake yote, na kunyoosha mkono wa kulia.

"Kahawa," akasema. "Kahawa na peremende."

"Una hakika, shangazi?"

"Lini nimekosea?"

Chernelle aliachia pumzi. Hakuuliza tena, aliamini hapohapo, usoni, mabegani, kote, na kuamini kwake kuliniumiza zaidi ya kama angelia. Alimkumbatia baba yake, akamvalisha kofia, akaivua tena akikumbuka wanaenda mbele ya mchungaji, akacheka. "Nisamehe, baba," akasema. Akapitisha mkono wake kwenye mkono wa Isak. Mimi nikachukua kikombe. Kilikuwa nusu.

Muziki ukaanza. Walipompita Grieta, Isak alinyoosha vidole vyake akamgusa begani. "Asante, dada," akanong'ona.

"Usiniguse," akasema Grieta, huku anatabasamu, kwa sababu mpiga picha alikuwa ameshainua kamera.